Washonaji wa Mishipa ya Damu



Tangu zamani Wakristo wa Roma wamesimulia hadithi ya mtumishi mmoja wa kanisa la Watakatifu Kosma na Damiano, ambaye mguu wake ulikuwa umeoza. Usiku mmoja, yasema hadithi, alipokuwa amelala, wale watakatifu wawili walimjia na visu na dawa. Wao wenyewe, walipokuwa duniani, walikuwa madaktari wasiopokea malipo. Waliukata ule mguu mbovu, wakauleta mguu wa mtu mweusi, Mwethiopia, aliyekuwa amezikwa karibuni, wakamtia yule mgonjwa mahali pa ule uliokatwa. Asubuhi aliamka akajiona mzima, mguu mmoja mweupe na mmoja mweusi. Mtawa Mdominikani, Fra Angelico, aliichora habari hiyo katika karne ya 15, na picha yake ingali ikitazamwa mjini Firenze, katika nchi ya Italia.

Hatumwambii mtu aisadiki hadithi hii kama tunavyoisadiki Injili. Walakini yatuonyesha haja kubwa ya mioyo ya watu wa kale. Walijua kwamba mguu uliooza hauna dawa isipokuwa kukatwa, nao walitamani iwe vingine. Waliwaza: laiti wangekuwako mafundi wa kuunganisha mwili na mwili, na damu ikapita tena! Tena yatukumbusha kwamba damu ya mweusi na ya mweupe hupita katika mishipa ya namna moja.

Mafundi hao leo wako. Ni madaktari wapasuaji ambao kazi yao ni kuzibua, kushona na kubadili mishipa ya damu. Tunataka kusema habari zao, jinsi ufundi wao ulivyopatikana, na tena kusema habari za sisi watu wa nyumbani. Maana tutaona kwamba daktari wa mishipa, hata awe hodari namna gani, hawezi kitu kama mgonjwa amemfikia akiwa amechelewa.

Mifereji ya mwili

Waliopita katika bonde la Ruzizi wameona mashamba ya mpunga. Maji hutoka katika mfereji mkubwa, yakagawanyika katika mifereji midogo, na kutoka huko katika vijito vyembamba kabisa, hata kila jaruba likapata maji yake. Mfereji ukizibwa na matope, mpunga ulio mbali ndio unaokauka kwanza.

Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoupanga mwili wetu. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja. Mtu anapokaa kimya, husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika. Damu hutoka katika mshipa mkubwa uitwao aorta, ikaingia katika mishipa mingine iitwayo ateri, mpaka vidoleni. Kisha hurudi moyoni kwa mishipa mingine iitwayo vena. Ateri zapiga, nasi twaweza kuzisikia: weka vidole viwili juu ya mguu wako, katikati ya kifundo na vidole, upande wa kidole gumba. Kwa watu wengi utasikia pigo dogo. Hiyo ndiyo damu iliyosafiri kutoka moyoni hata mahali pa mbali kabisa.

Sasa, miaka ikipita, ndani ya ateri hujengeka utando mgumu wenye mafuta na chokaa, kama matope katika mfereji. Uzee huleta jambo hilo, lakini kuna mambo manne yanayolihimiza: tumbako, ugonjwa wa sukari, shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu. Tumbako ndiyo adui mkubwa wa mishipa ya miguu.

Mgonjwa huanza kuona nini? Anatembea mwendo fulani, kisha nyama ya nyuma ya mguu, chini ya goti, yamshika kwa maumivu. Anasimama, na baada ya dakika chache maumivu yaisha. Anaondoka tena, na baada ya mwendo uleule maumivu yanarudi. Waliosoma Kilatini wajua neno claudicare, maana yake kuchechemea; kwa neno hilo madaktari waliupa ugonjwa jina. Ajabu ni hii: aliyeueleza kwanza alikuwa daktari wa wanyama wa Ufaransa, Bouley, ambaye mwaka wa 1831 aliuona kwa farasi. Ilikuwa mwaka wa 1858 daktari Charcot alipoueleza kwa mwanadamu.

Ugonjwa ukizidi, maumivu hayangoji tena safari. Usiku, mgonjwa amelala, mguu wauma, naye auteremsha chini ya kitanda ili damu ishuke. Mguu huwa wa baridi. Kidonda kidogo kikiingia, hakiponi, kwa sababu hakipati chakula chake, yaani damu. Mwishowe kidole chawa cheusi. Hapo nyama imekufa, na nyama iliyokufa hakuna dawa ya kuifufua.

Kwanza kufunga, baadaye kushona

Kwa karne nyingi wapasuaji walijua kukata tu. Mguu ukiisha kukatwa, waliizuia damu kwa kuchoma kidonda kwa chuma chenye moto, na wagonjwa wengi walikufa kwa maumivu na homa. Mwaka wa 1552, katika vita penye mji wa Damvillers, Mfaransa Ambroise Paré alikata mguu wa mtu, akaishika mishipa mmoja mmoja, akaifunga kwa uzi. Huyu Paré alikuwa ametoka katika chama cha vinyozi wapasuaji, hakujua Kilatini, na wenye elimu nyingi walimdharau. Lakini wagonjwa walimpenda. Naye hakujisifu, akiulizwa habari za mgonjwa aliyepona, alijibu kwamba yeye kazi yake ni kumfunga kidonda, na kuponya ni kazi ya Mungu.

Kufunga mshipa kwazuia damu isimwagike. Lakini mshipa uliofungwa haupeleki tena damu mahali pake. Ilibaki kazi ngumu kupita ile ya kwanza: kuushona mshipa uliopasuka, damu isitoke nje, wala isigande ndani.

Tarehe 24 Juni 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa damu uendao kwenye ini. Madaktari mashuhuri walikuwako, lakini hakuna aliyejua kuushona mshipa ule, na Rais akafa usiku uleule. Mjini mle alikuwako kijana mmoja aliyekuwa akijifunza udaktari, jina lake Alexis Carrel, aliyesomeshwa na mapadri Wajesuiti. Jambo hilo lilimchoma moyo. Kwa nini fundi wa nguo ajue kushona kitambaa chembamba, na daktari asijue kushona mshipa?

Basi alifanya nini? Lyon ni mji wa hariri. Carrel alikwenda kwa mwanamke mmoja mtarizi wa mji huo, akajifunza kwake kutumia sindano nyembamba kabisa na nyuzi za hariri. Wanafunzi wasomao ukurasa huu walitie jambo hilo moyoni: daktari mwenye vyeti alikaa kama mwanafunzi mbele ya mama mwenye sindano, wala hakuona haya.

Mwaka wa 1902 alitangaza njia yake. Mshipa uliokatwa una mdomo wa mviringo, na mviringo ni kazi ngumu kuushona. Carrel alitia nyuzi tatu penye ukingo, kwa nafasi zilizo sawa, akazivuta. Mviringo ukawa pembe tatu, na kila upande ukanyooka kama pindo la nguo. Ndipo alipoushona upande mmoja mmoja. Nyuzi alizipaka vaselini ili damu isigande juu yake. Ufundi ni huo tu, na wapasuaji wanautumia hata leo.

Mwaka wa 1904 aliondoka Ufaransa, akafanya kazi Marekani. Mwaka wa 1908, mjini New York, aliitwa usiku kwa mtoto mchanga aliyekuwa akitokwa na damu bila kukoma. Wakati ule watu hawakujua bado kuweka damu katika chupa. Carrel alichukua ateri ya mkono wa baba, akaiunganisha na vena ya mguu wa mtoto. Damu ya baba ikapita katika mwili wa mwanawe, na mtoto akapona. Mwaka wa 1912 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mkono hodari na moyo wa mtu

Hapa yafaa tuseme kweli yote, kwa kuwa gazeti la Kikristo halisemi nusu ya kweli. Carrel alikuwa ameiacha imani ya utoto wake. Mwaka wa 1902 alifuatana na mahujaji wa Lourdes, akamwona mwanamke mgonjwa, aliyekuwa karibu kufa, akipata nafuu mbele ya macho yake. Alishangaa, akalitafakari jambo hilo miaka mingi. Alikufa Paris tarehe 5 Novemba 1944, akiisha kupokea sakramenti za Kanisa. Watu wengi husimulia hayo, kisha hunyamaza.

Lakini mtu huyohuyo, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1935, aliandika kwamba wahalifu wakubwa na baadhi ya wenye wazimu waliotenda maovu wangefaa kuuawa kwa gesi. Aliwapima watu kama mfugaji apimavyo ng'ombe wake, huyu wa mbegu njema na huyu wa mbegu mbaya. Sisi tunajua fikira za namna hiyo zilizaa nini Ulaya katika miaka iliyofuata. Kwa ajili hiyo chuo cha udaktari cha Lyon kilichoitwa kwa jina lake kilibadilishwa jina mwaka wa 1996.

Tufundishwe nini? Kwamba mtu aweza kuunganisha mishipa iliyo myembamba kama unyasi, asiwaone watu wote kuwa ndugu. Elimu yake twaipokea kwa shukrani, na fikira zile twazikataa kabisa. Kwa Mkristo, mzee mwenye mguu uliooza ana heshima sawa na Rais wa Ufaransa. Daktari asiyeshika hilo, ufundi wake una hatari.

Mafundi waliofuata

Baada ya Carrel wengine waliendelea. Mwaka wa 1948, mjini Paris, daktari Jean Kunlin alifanya hivi: mahali ateri ya mguu ilipozibwa, alichukua vena ya mguu wa mgonjwa yuleyule, akaishona juu ya kizuizi na chini yake, damu ikapita kando, kama watu wapitavyo njia ya kando daraja likivunjika. Lakini ndani ya vena mna milango midogo inayoiruhusu damu ipite upande mmoja tu, upande wa moyo. Ndiyo sababu vena hugeuzwa, juu ikawa chini, ndipo ishonwe. Kazi hiyo hufanywa hata siku hizi.

Wengine walitafuta kitambaa cha kuwa badala ya mshipa. Huko Houston, Marekani, katika miaka ya 1950, daktari Michael DeBakey, mwana wa wahamiaji kutoka Lebanoni, alikwenda dukani kununua nailoni. Nailoni ilikuwa imekwisha, akauziwa kitambaa kingine kipya kiitwacho dakroni. Alirudi nyumbani, akakishona kwa cherehani ya mkewe, akafanya bomba. Kushona alikuwa amefundishwa na mama yake utotoni. Kitambaa kile kilifaa kuliko vingine, na mabomba ya dakroni yamewaokoa watu wengi ambao aorta yao ilitanuka au kupasuka. Mwaka wa 2006 DeBakey mwenyewe, akiwa na miaka 97, alipasuliwa kwa njia ile aliyoianzisha, akapona. Alikufa mwaka wa 2008.

Mwingine ni Thomas Fogarty, wa Cincinnati. Alipokuwa kijana alifanya kazi hospitalini akisafisha vyombo, akawaona watu wengi wakipoteza miguu kwa sababu bonge la damu iliyoganda limeziba ateri ghafula. Alikata ncha ya kidole cha glavu ya mpira, akaifunga penye bomba jembamba kwa mafundo aliyoyajua katika uvuvi wa samaki. Bomba huingizwa mpaka ng'ambo ya bonge. Kipira hujazwa maji, kisha huvutwa, na bonge hutoka pamoja nacho. Alilitangaza jambo hilo mwaka wa 1963.

Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, daktari Charles Dotter aliletewa mama mzee wa miaka 82, mwenye vidole vilivyoanza kuoza, aliyekataa kukatwa mguu. Dotter hakuwa mpasuaji, alikuwa daktari wa picha za mwili. Alipitisha mabomba membamba ndani ya ateri, akaipanua bila kupasua. Mguu ukapata joto, na yule mama akatembea kwa miguu yake miwili mpaka kufa kwake, miaka karibu 3 baadaye, kwa ugonjwa mwingine. Njia hiyo siku hizi yatumika po pote walipo madaktari wa mishipa.

Tazameni basi: kinyozi, mtarizi, cherehani ya mama, mafundo ya mvuvi. Elimu hii kubwa ilitoka katika kazi za mikono ambazo watu huzidharau.

Mzee katekista

Katika nchi yetu iliyo kubwa, madaktari wa namna hii ni wachache mno. Wagonjwa wengi wangelazimika kusafiri mbali sana kuwafikia. Kwa hiyo mtu ataweza kusema: “Habari hizi zatuhusu nini?” Tujibu kwa kueleza yaliyotokea katika parokia yetu.

Mzee mmoja katekista, mvutaji wa tumbako tangu ujana, alianza kusimama njiani alipokwenda kanisani. Kila Dominika alipumzika chini ya mwembe mmoja, akingoja mguu uache kuuma. Watoto walimcheka kwamba anaupenda mwembe ule. Mwaka mmoja ulipita hivyo. Ndipo jembe likamjeruhi kidole, kidonda kidogo kabisa, nacho hakikupona.

Jamaa walikwenda kwa mfumu. Mfumu akasema mzee amekanyaga dawa iliyozikwa na adui. Adui ni nani? Walimtafuta wakamwona: jirani ambaye walikuwa wamegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tangu siku ile mke wa jirani hakusalimiwa tena kisimani. Mguu ulikandwa kwa maji ya moto, ukachanjwa, ukafungwa majani. Miezi miwili ikapita. Alipopelekwa hospitalini, vidole vitatu vilikuwa vyeusi na unyayo umevimba usaha.

Daktari aliuliza maumivu yalianza lini. Aliposikia habari za mwembe, akainamisha kichwa. Akasema kwamba wakati ule wa mwembe kulikuwa na mengi ya kufanya: kuacha tumbako, kumeza dawa, kutembea kwa mazoezi, hata kumpeleka kwa wapasuaji wa mishipa. Sasa kazi iliyobaki ni kuuokoa uhai.

Mzee alikataa. Tulipokwenda kumtazama, alituambia sababu yake: “Nimewafundisha watu miaka thelathini kwamba mwili utafufuka. Nami nitafufuka na mguu mmoja?” Padri, aliyekuwa pamoja nasi, hakucheka. Aliketi kitandani kwake, akamjibu taratibu: “Baba, wafia dini waliotupwa kwa simba, Mungu atashindwa kuwapa mwili wao? Aliyeuumba mwili wako bila kitu atajua mguu wako ulipo.” Akaongeza kwamba kiungo kilichokatwa chaweza kuzikwa kwa heshima, kwa kuwa kilikuwa kiungo cha mtu aliyebatizwa. Mzee akalia, kisha akakubali. Alipakwa mafuta ya wagonjwa, na kesho yake alikatwa mguu chini ya goti.

Alipona. Seremala wa parokia alimchongea magongo, naye angali akifundisha katekisimu, ameketi kitini. Lakini jirani yake na mkewe walikaa mwaka mzima wakiitwa wachawi, kwa kosa lisilokuwako, mpaka wazee wa jumuiya ya msingi walipowapatanisha wote. Jeraha hilo la pili lilichelewa kupona kuliko lile la kwanza.

Yaliyo mikononi mwetu

Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Tena walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi tushike mambo machache.

Kwanza, mwenye kuumwa na mguu kila atembeapo, akapona kila asimamapo, asiseme ni uzee tu. Aende kituo cha afya akapimwe. Kipimo chake si cha gharama kubwa: mganga hupima nguvu ya damu mkononi na penye kifundo cha mguu. Ya mguuni ikipungua chini ya tisa ya kumi ya ile ya mkononi, mishipa ina kizuizi. Mahali pengine kuna chombo kidogo kinachomsikilizisha mganga mwendo wa damu. Mishipa ikizibwa miguuni, mara nyingi ile ya moyo na ya kichwa nayo ina hatari. Kwa hiyo dawa anazopewa mgonjwa hulinda uhai wake wote.

Pili, mvutaji aache tumbako. Kwa mgonjwa wa mishipa hakuna dawa ipitayo hiyo, nayo haina bei. Mpasuaji akishona mshipa mpya, na mgonjwa akarudia sigara, mshipa ule nao huzibwa upesi.

Tatu, wenye ugonjwa wa sukari watazame miguu yao kila siku. Sukari huua mishipa ya fahamu, mtu asisikie mwiba wala msumari. Huenda hata panya akamwuma usingizini, asijue. Yafaa miguu ioshwe na kukaushwa vizuri, hata katikati ya vidole. Mtu asitembee bila viatu. Asiote miguu penye makaa, wala asikate sugu kwa wembe. Macho ya mzee yakiwa hayaoni, mtoto amtazamie. Ni tendo la huruma liwafaalo sana wanafunzi wetu. Bwana Yesu mwenyewe aliinama akaosha miguu ya mitume wake.

Nne, mguu ukishikwa ghafula na maumivu makali, ukawa wa baridi, ukapauka, ukafa ganzi, tusingoje asubuhi. Ukikosa damu kwa muda wa saa 6 hivi, nyama na fahamu zake huanza kufa. Asikandwe, asichanjwe, apelekwe hospitalini mara moja, hata ikiwa usiku, hata ikiwa kwa machela.

Tano, tusimkataze daktari kukata panapolazimika. Kuna miguu ambayo hata fundi wa Paris au wa Houston hawezi kuiokoa, na kukata kwa wakati ni kumwokoa mtu. Hospitali ikiomba jamaa watoe damu, tutoe bila woga, tukimkumbuka yule baba wa New York. Jumuiya nayo isaidie gharama, kwani wengi huchelewa kwa sababu ya kukosa franga, wala si kwa ukaidi. Na aliyekatwa mguu asifichwe chumbani. Arudishiwe kazi yake na mahali pake katika baraza na kanisani.

Sita, tusimtafute mchawi. Anayemshitaki jirani bila ushahidi avunja amri ya nane, na wakati anapomshitaki, mguu wa baba yake unaendelea kufa.

Vijana mliomo shuleni, pengine Mungu atamwita mmoja wenu awe mshonaji wa mishipa katika nchi hii inayowahitaji mno. Jifunzeni hesabu na elimu ya viumbe, lakini msiidharau sindano ya mama yenu. Nanyi wazazi, leo jioni, kabla ya sala ya pamoja, waulizeni wazee wa nyumba habari za miguu yao, mkaitazame.

Watakatifu Kosma na Damiano watuombee, na Mwenyezi Mungu awabariki wagonjwa wetu na wote wanaowatunza.